Mwalimu Mardhiya na Ukuta wa Punt

Mwezi wa Oktoba mwaka 1999, katika wiki ya mapumziko ya nusu muhula, watu kumi na sita tuliondoka uwanja wa ndege wa Gatwick, London, kwenda Luxor kwa siku tano kuangalia mahekalu ya Misri ya kale. Kumi na watano kati yetu tulikwenda kutembea. Mmoja alikwenda kurekebisha uongo.

Nasema uongo kwa sababu mwenyewe ndivyo anavyouita, na ameniruhusu niyaandike haya. Wapo watu hapa Wembley watakaosema kwamba jambo lenyewe ni dogo na lingeachwa lilipo. Sikubaliani nao. Jambo dogo halimkai mtu kifuani miaka ishirini na saba.

Mardhiya Suhaib alizaliwa Wete, Pemba, mwaka 1942. Mwaka 1962 alipelekwa Cairo pamoja na wasichana wengine sita kusomea ualimu kwa mwaka mmoja. Walikaa katika bweni la wasichana, wakala maharage asubuhi na maharage jioni, wakajifunza Kiarabu cha mtaani kuliko kile cha vitabuni. Mwisho wa mwaka chuo kiliwaandalia wanafunzi wa nje safari ya treni kwenda Luxor. Mardhiya hakwenda. Kulikuwa na mtihani wa hesabu ambao alihofu utamwangusha, akawaacha wenzake waende, yeye akabaki na madaftari. Mtihani aliufaulu vizuri.

Aliporudi Pemba alipewa somo la historia. Shule ilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza juu ya Misri ya kale, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa ukuta wa hekalu la Malkia Hatshepsut. Ukuta ule unaeleza safari ya meli za Wamisri kwenda nchi iliyoitwa Punt kuleta ubani, dhahabu na nyani. Nyumba za watu wa Punt zimechorwa juu ya miguu mirefu, kila moja na ngazi yake, na katikati yao amesimama mkubwa wa nchi na mkewe mnene. Hakuna anayejua kwa yakini Punt ilikuwa wapi. Mwalimu Mardhiya aliwaambia wanafunzi wake hivyo hivyo, kwamba hakuna anayejua, ila ilikuwa upande wetu huu wa dunia, na kwamba wale waliochorwa pale ni watu wa bara letu waliotembelewa na wakubwa nao wakawapokea wakiwa wamesimama wima. Kwa watoto waliozoea kukariri wafalme wa watu wengine, somo hilo lilikuwa sikukuu. Kila mwaka alikuwa akiuchora ukuta mzima ubaoni kwa chaki za rangi, na hakuna mtoto aliyekubali kuugua siku hiyo.

Mwaka 1972 mvulana wa miaka kumi na minne aitwaye Sultan alinyoosha mkono.

"Mwalimu, weye huo ukuta umeuona kwa macho yako?"

Watoto wote walijua kuwa mwalimu wao amekaa Misri. Sultan hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua tu. Mwalimu Mardhiya alikuwa na chaki ya kijani mkononi, anamalizia mti wa ubani. Akasema, "Ndiyo, nimeuona."

"Na rangi bado zipo?"

"Zipo."

Darasa likapiga makofi. Alipokuwa akinisimulia haya alisema kuwa yale makofi ndiyo yaliyomfunga. Angeweza kujirekebisha siku ya pili, lakini siku ya pili Sultan alikwisha kuitangaza habari hiyo shule nzima.

Mardhiya alikuja London mwaka 1983 kumfuata mumewe, Matar, aliyekuwa karani katika ofisi ya meli. Vyeti vyake havikumpa darasa hapa. Alipata kazi katika jiko la shule ya msingi, Wembley, kuwapakulia watoto chakula cha mchana, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na sita bila kulalamika mbele ya mtu. Ualimu wake ukabaki wa Jumamosi tu, katika ukumbi wa jumuiya, ambako alifundisha Kiswahili na historia kwa watoto wetu wanaosikia lugha ya wazee wao na kuijibu kwa Kiingereza.

Hapo ndipo Sultan alipomkuta tena, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sasa alikuwa mtu mzima anayeishi Hounslow na kupakia mizigo ya ndege Heathrow, ana watoto watatu na upara. Siku ya kwanza alipowaleta watoto wake ukumbini alimwamkia Mwalimu kwa kuinama mpaka chini, kisha akawageukia watoto.

"Huyu ndiye aliyenifundisha mimi. Ukuta wa Punt ninaowaambia, huyu kasimama mbele yake, kautazama hivi."

Mwalimu Mardhiya alisema, "Haya, kaeni, tuanze." Hakukana. Nimelifikiria sana jambo hilo. Uongo wa kwanza uliponyoka kwa haraka, na kila mtu amewahi kuponyokwa. Lakini siku ile ukumbini alikuwa na nafasi tele. Alikuwa na miaka hamsini, na hakuna aliyemharakisha.

Safari ya Misri ilikuwa fikra ya Sultan. Baada ya mauaji ya watalii yaliyotokea Luxor mwaka 1997 watu wengi wa Ulaya waliogopa kwenda huko, na tiketi zikashuka hata watu wa kazi kama sisi tukaweza. Sultan alizunguka Wembley na Hounslow akikusanya majina. Kwa kila mtu alisema jambo moja: tunakwenda na Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe atatuonyesha ule ukuta.

Mwalimu Mardhiya alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Nia yake ilikuwa moja. Atasimama mbele ya ukuta, atautazama mwanzo mpaka mwisho, na tangu hapo lile neno alilomwambia mtoto litakuwa kweli, ingawa limechelewa. Nilipolisikia hilo, muda mrefu baada ya safari, nilimwambia wazi kuwa neno la uongo haligeuki kuwa la kweli kwa sababu msemaji wake amepanda ndege baadaye.

"Najua," alisema. "Lakini nilitaka niuone."

Tuliwekewa kiongozi aitwaye Rifaat, kijana msomi mwenye Kiingereza safi, aliyetembea mbele yetu ameinua gazeti lililokunjwa ili tusipotee. Nitamtendea haki: alijua kazi yake. Alisoma maandishi ya ukutani kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Lakini ratiba aliyopewa ilikuwa ya watu wanaokimbizwa. Karnak, mahali ambapo mtu angeweza kukaa wiki, tulipewa dakika arubaini, na robo saa katika hizo tuliimaliza kwenye foleni ya choo.

"Nguzo mia na thelathini na nne," Haifa alisema, "na choo kimoja."

Haifa ni karani wa kliniki moja ya Hounslow, mama wa watoto wanne, mwenye ulimi mwepesi. Alikuja na karatasi mbili zilizoandikwa mbele na nyuma majina ya watu wa kupelekewa zawadi. Simcheki kwa hilo, maana wote tulikuwa na karatasi kama hiyo. Kwetu mtu harudi safarini mikono mitupu. Jirani aliyekuombea dua anangoja kitu, na wifi aliyebaki na watoto anangoja kikubwa zaidi. Kwa hiyo katika kila duka alilotupeleka Rifaat, wakati watalii wa mabasi mengine walizunguka dakika kumi na kutoka, sisi tuliketi. Tuliulizia bei kwa Kiarabu, tukasalimiana, tukaulizana kwao wapi, tukanywa chai. Duka la manukato lilikula saa nzima. Duka la karatasi za mafunjo likala saa na robo. Luxor yenyewe, hekalu lenyewe katikati ya mji, tuliliona jua likiwa linatua, tumechoka, mifuko mikononi.

Mwalimu Mardhiya alitembea na daftari dogo. Jioni ile ya pili nilimwona amelifungua. Upande mmoja alikuwa ameandika alama alizoelezwa na Rifaat. Upande wa pili palikuwa na mstari mmoja tu: Kesho Hatshepsut, saa nne.

Saa nne ya siku ya tatu tulikuwa bado kwenye makaburi ya wafalme, kwa sababu mmoja wetu alipoteza miwani ndani ya kaburi na kumi wakarudi kuitafuta. Ilikuwa kichwani kwake. Saa tano na nusu Rifaat alisema tutapita kwanza kwenye kiwanda cha vyombo vya jiwe la alabasta, nusu saa tu, halafu moja kwa moja kwenye hekalu la malkia.

Mwenye kiwanda alikuwa mzee wa kanzu ya kijivu na masharubu. Alipomsikia Haifa akibishania bei ya bakuli aliuliza tunatoka wapi. Sultan akamwambia London. Mzee akatikisa kichwa; alimaanisha asili. Aliposikia Zanzibar alikaa chini. Akasema marehemu baba yake alikuwa akiuza viungo, na karafuu zote njema alizowahi kunusa zilitoka kwetu, na haiwezekani watu wa karafuu wapite mlangoni pake bila kula. Kabla hatujajua la kusema, mikeka ilikwisha kutandikwa na wanawake wa nyumba ya nyuma walikuwa wakileta wali, mchuzi wa majani, na njiwa waliojazwa ngano.

Rifaat alitazama saa yake, akatutazama sisi. Kundi lolote la Waingereza lingemshukuru mzee, likapiga picha na kuondoka. Sisi hatukuweza. Mtu ameshatandika, wewe utaanzaje kusema una haraka? Na ilipokwisha kuliwa, hakuna aliyeweza kuinuka, kwa sababu tumelelewa kwamba mkubwa wa watu ndiye anayeinuka kwanza, naye hainuki mpaka mwenyeji amalize maneno yake. Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu Mardhiya. Mwenyeji alikuwa na maneno mengi.

Nilikuwa nimekaa karibu na Mwalimu. Mara mbili niliona mkono wake ukishika ukingo wa mkeka kama anayetaka kuinuka. Mara ya kwanza mzee alianza habari za mtoto wake aliyeko Jeddah. Mara ya pili ikaletwa chai. Tukasali adhuhuri na alasiri pamoja hapo hapo, kama wasafiri, naye mzee akasema baraka iliyoje, akaagiza matunda.

"Mwalimu," nilimnong'oneza, "hekalu."

"Nitasemaje?" alinijibu. "Mtu hajamaliza kuzungumza."

Nilikasirika wakati ule na hasira hiyo haijaniisha. Adabu ni kitu kizuri, na mimi ni mtu wa kuisisitiza. Lakini adabu inayomzuia mtu kusema neno moja la kweli kwa upole, kwamba tumeshiba, tumeshukuru, na tunasubiriwa mahali, hiyo ni woga uliovaa nguo za heshima. Watu kumi na sita tulikaa pale tunaoneana haya huku mchana ukiisha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na furaha isipokuwa mwenye nyumba.

Tuliporudi kwenye basi ilikuwa saa tisa na nusu. Rifaat alisimama mbele na kusema bila kuficha kwamba muda uliobaki unatosha jambo moja. Ama hekalu la malkia kwa nusu saa kabla halijafungwa, ama kurudi ng'ambo ya mto mapema ili wanaotaka soko la Luxor wapate soko. Kesho ilikuwa siku nzima ya Edfu na Kom Ombo, tutatoka alfajiri na msafara wa polisi, na keshokutwa asubuhi ni ndege.

Watu walianza kunung'unika. Haifa aliinua karatasi zake mbili. "Mimi nimefikia nusu ya ukurasa wa kwanza. Nikirudi hivi Hounslow nitahama mtaa."

"Twende soko," sauti ikasema nyuma. "Mahekalu tumeona, mawe ni yale yale."

Sultan ndiye aliyekuwa mkuu wa safari. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake. "Jamani, mimi nilitaka sana huo ukuta. Mnajua. Lakini naona watu wamechoka, na muhimu zaidi Mwalimu kachoka. Yeye keshauona. Sisi wengine Rifaat ana kadi zake za picha."

Hapo Mwalimu Mardhiya alisema. Alikuwa kiti cha pili, upande wa dirisha, na alisema bila kugeuka.

"Sultan, mie sijauona."

Haifa akacheka, na si kwa ubaya.

"Hebu msikieni Mwalimu. Anajitoa yeye ili sisi tusikose. Hata jikoni shuleni nasikia alikuwa hivi hivi, anasema hana njaa mpaka watoto wote wale."

"Sijitoi. Sijauona ukuta huo."

"Mwalimu," Sultan alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "mie nakujua tangu navaa kaptula. Hutaki tukose elimu. Lakini lile goti lako na mpando ule wa hekaluni, sikubali. Jana umeshuka basi umenishika bega."

"Goti langu halina neno."

"Sawa, Mwalimu," alisema, kama watu wanavyomwambia mzazi sawa huku wakifanya jingine. Akamgeukia Rifaat. "Turudi."

Nami nilicheka. Lazima niliseme hilo. Wakati ule sikujua chochote zaidi ya walichojua wengine, nikaona mama mwema anasema uongo mdogo wa huruma. Aliposema kweli kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba, tuliisikia kweli yake kama wema, tukamsifu kwa wema huo, tukamnyima alichoomba. Angeweza kusimama. Angeweza kutugeukia na kusema: nilidanganya darasani mwaka 1972, naomba nusu saa. Alijua maneno hayo, aliniambia alikuwa nayo mdomoni. Lakini wote tulikuwa tukimtabasamia.

Rifaat, kwa kutaka kutufariji, alichukua kipaza sauti. Alisema tusisikitike sana, kwa sababu kile kipande kizuri kuliko vyote, chenye mkubwa wa Punt na mkewe mnene, hakipo hata ukutani. Kilitolewa zamani na kiko katika jumba la makumbusho la Cairo, mjini kabisa, karibu na mto.

Mwalimu Mardhiya alifunga daftari lake. Bweni lao la mwaka 1962 lilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka jumba lile. Aliingia humo mara moja, na wenzake, wakapanda juu kuangalia dhahabu ya mfalme kijana, wakatoka. Chini hawakutazama.

Barabara ilipokunja, kwa muda mfupi mno, hekalu lilionekana mbali chini ya jabali, baraza tatu zimepandana, rangi moja na mlima. Mtu mmoja akasema, "Lile pale," na mwengine akauliza, "Lipi?" na basi likawa limeshapita.

Siku ya nne, Kom Ombo, wakati wengine wakipiga picha za mamba waliokaushwa, alimfuata Rifaat peke yake na kumwuliza kama anaweza kumpeleka asubuhi ya mwisho. Rifaat alihesabu kwa vidole. Hekalu hufunguliwa saa kumi na mbili, na basi la uwanja wa ndege linaondoka hotelini saa kumi na mbili na nusu. "Samahani, mama," alisema. "Lakini wenzako wamesema wewe umeshafika huko. Una bahati."

Jumamosi ya pili baada ya kurudi, Sultan alileta ukumbini video na televisheni kuwaonyesha watoto safari. Alikuwa amepanga kila kitu. Kwanza video, halafu Mwalimu awaeleze ukuta ambao sisi hatukuufikia, kwa kuwa yeye alishaufikia. Wazazi wengi walikaa nyuma ya darasa siku ile, nami nikiwamo.

Video ilikwisha. Sehemu kubwa ilikuwa maduka. Mwalimu Mardhiya akaenda ubaoni, ubao mweupe wa kalamu, akaanza kuchora kama alivyokuwa akichora Pemba, kutoka kushoto: maji na samaki, meli, mti wa ubani ndani ya kikapu unabebwa kwa mti mabegani, nyumba za miguu mirefu. Mkono wake haukusita mahali. Watoto walinyamaza, na watoto wa London hawanyamazi bure.

Afnan, binti wa Haifa, alikuwa na miaka kumi. Aliinua mkono na kuuliza kwa Kiingereza, isipokuwa neno la kwanza.

"Mwalimu, uliuona ukuta huu mlipokwenda?"

"Hapana. Hatukufika."

"Lakini Mama anasema uliuona zamani."

Mwalimu Mardhiya aliweka kifuniko cha kalamu. Alimtazama Sultan, aliyekuwa mlangoni anakunja waya wa televisheni, kisha akarudi kwa mtoto. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mmoja afahamu.

"Mama yako anasema hivyo kwa sababu mimi nilisema hivyo. Sikuuona zamani wala sasa. Niliulizwa na mtoto mmoja, nikadanganya."

Afnan alifikiri kidogo. "Kwa nini?"

"Nilimwonea haya kumwambia hapana."

"Sasa umejuaje kuwa nyumba zina ngazi?"

"Nimesoma kitabuni."

"Sawa," Afnan alisema, akainama kwenye daftari lake na kuchora ngazi.

Watoto hawakuona ajabu yoyote. Sisi wazazi nyuma ndio tuliotazama sakafu. Sultan alikuwa amesimama na waya umening'inia.

Kila Jumamosi Sultan humrudisha Mwalimu nyumbani kwa gari, na siku hiyo aliniomba niende nao, nadhani hakutaka kuwa naye peke yake. Tulisimama kwenye taa nyekundu ya kituo cha Wembley Central.

"Ungeniambia," Sultan alisema.

"Nilikwambia ndani ya basi."

"Ndani ya basi watu wanacheka."

"Mlicheka baada ya mimi kusema."

Taa ikawa kijani. Sultan hakuondoka mpaka wa nyuma alipopiga honi.

"Mwezi ule ule niliokuuliza habari ya ukuta," alisema. "Nilisema nimemaliza hesabu na sikumaliza. Unakumbuka ulinifanya nini?"

"Nakumbuka. Viboko vinne."

"Vitano."

"Vinne, Sultan."

"Vitano. Mkono huu." Aliutoa kwenye usukani na kuuonyesha, mkono wa mtu anayeinua masanduku ya watu mchana kutwa. "Ulisema unanichapa kwa uongo, si kwa hesabu."

Mwalimu Mardhiya aliutazama mkono ule kwa muda. Nilijua anachokifikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri. Kwa miaka yote hiyo neno lake lilitosha: angesema vinne, vingekuwa vinne.

"Basi vitano," alisema.

Hakuomba kusamehewa, na Sultan hakusema amesamehe. Mimi ningependa kuandika kuwa walilia wakakumbatiana, lakini sitaandika kisichotokea, hasa katika habari hii. Alimfungulia mlango wa gari, akamshika mkono kwa ajili ya lile goti, akamfikisha ngazini.

Mwaka uliofuata Sultan alizungumzia safari nyingine, fupi, bila maduka. Haikuwa. Goti la Mwalimu lilifanyiwa upasuaji, halafu Matar akaugua, na leo ninapoandika haya, mwaka 2004, hajauona ukuta wa Punt. Bado anafundisha. Kila mwaka anauchora, na kabla hajaanza huandika juu ya ubao, kwa herufi kubwa, kuwa mchoro huu umetoka kitabuni.

Sultan bado huja kumchukua kila Jumamosi, kwa wakati, mvua na baridi. Watoto wanamwita Mwalimu, Haifa anamwita Mwalimu, sote tunamwita Mwalimu. Sultan humfungulia mlango wa gari na kusema, "Karibu, Bi Mardhiya."

Yeye huingia, akafunga mkanda, akashukuru.